Risasi ya Tundu la Kwanza

Ukipita geti la kampuni ile ya ulinzi, ukaiacha ofisi ya meneja kushoto na choo cha walinzi kulia, unakutana na mlango wa chuma usio na kitasa kwa nje. Pembeni mwa mlango kuna kidirisha chenye upana wa sinia, na nyuma ya kidirisha hicho, kwa miaka kumi na tisa, alikaa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walinzi walimwita Mama Stoo. Waliokuja kazini wakiwa vijana na sasa wana mvi walimwita hivyo, na hata meneja, ambaye alikuwa wa nne tangu yeye aanze, alimwandikia barua za kikazi zenye jina hilo na hakuona kichekesho.

Humo ndani hamkuwa na dirisha jingine. Kulikuwa na balbu moja, meza iliyotandikwa kipande cha blanketi, mswaki mkuukuu, kopo la mafuta ya mashine, na fulana chakavu alizozikatakata vipande vya kufutia. Ukutani zilining'inia bastola ishirini na mbili, kila moja kwenye msumari wake na namba yake. Zilikuwa mchanganyiko: zilinunuliwa miaka tofauti, kwa watu tofauti, na baadhi zilikuwa zimeshikwa na mikono mingi kuliko noti ya zamani.

Kazi hiyo alirithi kwa Sajini, mwanajeshi mstaafu mwenye sikio moja bovu na mdomo usiojua salamu. Wakati huo yeye alikuwa mfagizi wa kampuni, mwanamke wa miaka thelathini na tatu aliyeachwa na mume na kuachiwa binti. Siku moja Sajini alidondosha kispringi chembamba kama unywele, akapiga magoti kukitafuta huku akiutukana ukoo mzima wa waliokitengeneza. Mfagizi alikiona kwenye nyuzi za ufagio. Hakumkabidhi. Alikitazama, akaitazama bastola iliyofumuliwa mezani, akakirudisha mahali pake. Sajini akainuka, akamgeukia.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa nakuangalia nikifagia."

"Acha huo ufagio. Kesho njoo ukae hapa."

Ndiyo ulikuwa usaili wake wote. Sajini alimfumbisha macho, akamfundisha kufumua na kuunga mpaka vidole vikajua njia bila taa. Alipofariki, kampuni haikutafuta mtu mwingine. Kwa nini itafute, na kidirisha hakijawahi kuchelewa kufunguliwa hata siku moja?

Mama Stoo alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu huo ndio uliomponza. Zama za Sajini risasi zote zilikaa kwenye ndoo moja. Asubuhi kila mlinzi alihesabiwa nane, jioni akarudisha nane, zikamwagwa ndooni. Ikikosekana moja, walinzi ishirini na mbili walitazamana kama wezi na hakuna aliyejua pa kuanzia. Miaka sita iliyopita Mama Stoo akaja na vibao. Vilikuwa vibao vya mbao vyenye matundu manane, kimoja kwa kila mlinzi, na namba yake imeandikwa ubavuni. Risasi zako ni zako. Ukizipoteza, kibao kinakusema. Matundu yale aliyatoboa mdogo wake wa kiume, kwa drili ya kuazima, Jumapili mbili mfululizo, akiwa ndiyo kwanza ameajiriwa ulinzi hapo hapo kwa dhamana ya dada yake.

Tundu la kwanza la kila kibao Mama Stoo alilizungushia rangi ya kucha, nyekundu. Hilo lilikuwa la risasi ya chemba, yaani ile ambayo mlinzi akichomeka magazini, kile kikasha cha risasi, na kukoki kwa kuvuta chuma cha juu nyuma na kukiachia, ndiyo inayotangulia kwenye chemba nyuma ya mtutu na kukaa tayari kutwa nzima. Jioni mlinzi anaitoa kwanza, anairudisha tundu jekundu, ndipo anamwaga zile saba. Asubuhi nyekundu inaingizwa mwisho, ikae juu, itangulie tena. Na kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshinda chemba, kwenye joto la kiuno na jasho, Mama Stoo hakuilaza hivyo hivyo. Kila jioni, walinzi wakishaondoka, alizipitia zile za tundu jekundu moja moja kwa kitambaa chenye mafuta. Ya mdogo wake aliipitia mara mbili. Hakumwambia mtu. Alifanya kama vile mama anavyomwongezea mwanawe mmoja kipande cha nyama chini ya wali.

Meneja wa wakati ule alivisifu vile vibao mbele ya watu. Risasi hazikupotea tena.

Miezi minne iliyopita, saa nne ya asubuhi, kwenye mlango wa duka la jumla, watu watatu walishuka kwenye gari wakiwa na silaha. Mdogo wake Mama Stoo alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote. Mwanamke aliyekuwa akiuza vocha ng'ambo ya barabara ndiye aliyeona yote, na aliyasimulia mara nyingi mno, mpaka yakafika kwa dada wa marehemu yakiwa bado ya moto. Alisema mlinzi aliwahi. Alichomoa kabla yao. Akafyatua, ikalia *ta*, kama mtu anayevunja kijiti. Halafu mlinzi akaitazama bastola yake.

"Akaitazama tu," yule mwanamke alisema. "Kama anaiuliza kitu."

Hakuwahi kuitazama mara ya pili.

Polisi waliichukua bastola pamoja na risasi, na havikurudi. Kampuni ikaandika ripoti ya kurasa mbili. Mama Stoo aliitwa kuulizwa kuhusu hali ya silaha, akasema neno moja ambalo aliamini kwamba ni kweli: nzee. Ripoti ikachukua neno hilo, ikaongeza la kwake, kwamba marehemu hakuwa msafi wa silaha yake. Mzembe aliyepewa chuma kikuukuu. Jalada likafungwa.

Tangu hapo Mama Stoo akaichukia bastola ile isiyokuwepo tena ukutani. Msumari wake aliung'oa kwa koleo.

Sasa kampuni ilikuwa inanunua bastola mpya kumi na mbili, na nafasi ya marehemu ilikuwa imepewa mjane wake. Hiyo ni desturi ya makampuni mengi: badala ya kumpa mjane kitu cha maana, wanampa sare. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani aliyekosa wateja, mwenye maneno machache hata kabla ya msiba. Alipomaliza mafunzo ya wiki tatu alikuja kwenye kidirisha siku ya Jumatano, akaegemea.

"Wifi, nasikia ni wewe unayechagua."

"Meneja kaniletea tatu. Nichague moja, ndiyo waagize."

"Basi nichagulie ambayo sitaitazama."

Mama Stoo alielewa. Alishika ukingo wa kidirisha, akasema, "Nitakuchagulia, wifi yangu. Hiyo niachie mimi."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya wifi yake kazini. Kwenye mlango ule ule.

Usiku wa Jumatano na kutwa ya Alhamisi Mama Stoo hakuwa na neno jingine kichwani. Zile tatu alizilaza juu ya blanketi na kuzifumua kama anayekagua mchele.

Ya kwanza ilikuwa ya kisasa, mwili wa plastiki ngumu, nyepesi, inayobeba risasi kumi na tano. Haikuwa mbaya. Lakini nyundo yake ilikuwa imefichwa ndani, na Mama Stoo hakupenda kitu kinachoficha hali yake. Mlinzi anayerudisha silaha jioni amechoka, na wewe unayeipokea umechoka, ni vizuri mkaona wote wawili kama nyundo imeinuka au imelala. Ya pili ilikuwa ndogo ya mfukoni, ya kupendeza, na yenye springi ngumu kiasi kwamba alitoka jasho kuikoki. Hiyo aliiweka kando mapema. Mkono wa wifi yake ulikuwa wa kushika sindano.

Ya tatu ilikuwa ya umbo la zamani. Ilitengenezwa juzi tu, lakini kwa ramani ile ile waliyotumia babu zetu: chuma kitupu, nyundo nje, mpini mwembamba wenye mbao ubavuni, magazini ya risasi nane zilizopangana mstari mmoja, na nyuma ya mpini kizuizi kinachoachia pale tu kiganja kinapoikamata sawasawa. Nzito. Alipokivuta nyuma chuma chake cha juu, kilikwenda bila mikwaruzo, kama droo ya kabati lililotengenezwa na mtu asiye na haraka. Alipitisha kidole cha mwisho kwenye mteremko ambao risasi hupandia kuingia chemba, akakuta ni laini. Alitikisa mtutu, haukucheza. Aliingiza magazini, akaigeuza juu chini, akaitikisa, magazini haikushuka. Akafumba macho, akaifumua na kuiunga mara tatu. Sehemu zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na sababu ya kuwepo.

"Wewe," aliiambia kwa sauti ya chini, na hakuendelea.

Ijumaa asubuhi alikwenda nazo zote tatu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, yeye na Mkufunzi. Mkufunzi alikuwa askari mstaafu, mnene, mpenda utani, aliyewafundisha walinzi wapya. Mafundisho yenyewe yalikuwa ya kuchekesha na kuliza: mlinzi alipiga risasi tano siku ya kuajiriwa, kisha hakupiga nyingine mpaka siku ya kustaafu, maana risasi ni bei. Bastola iliyokuwa kiunoni mwake kwa miaka kumi, hajawahi kuisikia ikilia.

Meneja alikuwa amesema wasitumie risasi mpya kwa majaribio. Bastola zote tatu zilikula saizi ile ile ya zamani, kwa hiyo watumie zile za vibaoni, mpya ziko njiani. Mama Stoo akabeba vibao sita ndani ya mfuko wa turubai.

"Umevipanga kama mayai ya kuuza," Mkufunzi alisema alipoviona.

"Usivichanganye, Afande."

"Nani anachanganya? Naogopa hata kuvigusa, utanipiga."

Mkufunzi alijaza magazini ya ile ya plastiki, nyekundu ikiwa juu, akakoki, akalenga kipande cha boksi, akafyatua. Ikalia *ta*.

Mkufunzi akasubiri kidogo kama kanuni inavyotaka, akakoki tena, risasi ikaruka pembeni, kisha akapiga saba zilizobaki bila tatizo.

"Hii plastiki ina kiburi," alisema. "Lete hicho kichuna."

Ile ndogo nayo ikalia *ta* kwenye ya kwanza. Zilizofuata zikalia zote saba. Mkufunzi akacheka sasa, akasema wakala anayeziuza amewaletea vyuma chakavu vilivyopakwa rangi, na kwamba meneja amepunjwa mchana kweupe. Mama Stoo hakucheka. Aliichukua ile ya umbo la zamani kwa mikono yake. Alijaza yeye. Alikoki yeye. Kiganja chake kikaikamata, kizuizi kikaachia, kila kitu kikakaa mahali pake kama alivyojua kwamba kitakaa. Akafyatua.

*Ta*.

Akaitazama.

Alikaa akiitazama mpaka Mkufunzi akamwita mara ya pili. Ndipo akakoki, akaipokea ile risasi iliyoruka kabla haijafika chini, akaipenyeza kwenye mfuko wa gauni, akapiga saba. Zote zikalia. Boksi likatoboka matundu saba ambayo ungeyafunika kwa kisosi.

"Zote tatu, ya kwanza tu," alisema.

"Eti?"

"Afande, zote tatu zimegoma ya kwanza. Saba hazigomi. Bastola tatu, hazijuani."

Mkufunzi akaacha utani. Mama Stoo alichukua kibao cha nne, akajaza magazini kinyume: nyekundu akaianza, ikakaa chini kabisa, zile nyingine saba juu yake. Akampa Mkufunzi. Saba zikalia moja baada ya nyingine, sauti zikagonga kilima na kurudi. Ya nane ikasema *ta*.

Hapakuwa na haja ya kuendelea, lakini waliendelea. Kibao cha tano, nyekundu ililia. Cha sita, iligoma.

Walikaa kwenye benchi la zege. Mama Stoo akatoa kipande cha fulana, akapanga juu yake zile risasi tano zilizogoma, na pembeni mwa kila moja akaweka moja ya zile zilizobaki kwenye vibao viwili vya mwisho. Mtu asiye wa kazi hiyo asingeona kitu. Zile za tundu jekundu zilikuwa fupi kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Kichwa cha risasi, kwa kubamizwa kwenye mteremko kila asubuhi kwa miaka sita, kilikuwa kimedidimia ndani ya ganda lake. Kingo za ganda zilikuwa zimekwaruzwa na kukoki kusikohesabika. Na zilikuwa zinang'aa. Mungu wangu, jinsi zilivyokuwa zinang'aa.

Mkufunzi alichukua koleo kwenye gari, akaibana moja, akakivuta kichwa taratibu mpaka kikachomoka. Akaligonga ganda juu ya kitambaa. Baruti ambayo ingepaswa kumwagika kama mchanga ilitoka kidonge kimoja, cheusi, chenye unyevu, kikabaki na umbo la ganda.

"Haya ni mafuta," alisema. "Yamepenya. Fataki ya nyuma imelowa, baruti imelowa. Ulikuwa unazipaka mafuta, Mama Stoo?"

"Nazifuta."

"Kwa nini?"

Angemjibu nini? Kwamba aliziona zikitoka na jasho la mwanadamu? Kwamba kila kitu kingine kwenye ile stoo ukikifuta mafuta kinadumu? Sajini alimfundisha chuma. Alimfundisha springi, pini, nyundo, mtutu. Risasi Sajini aliziacha ndooni, zikichanganyika zenyewe bila mpango, leo hii juu kesho ile, na hakuna aliyejua kwamba uvivu ule wa ndoo ndio uliokuwa unawalinda.

"Ya mdogo wangu nilikuwa naifuta mara mbili," alisema.

Mkufunzi alikunja kile kitambaa na kila kilichokuwa juu yake.

Jioni hiyo hiyo walikwenda kwa meneja, kijana nadhifu aliyekuwa akila karanga juu ya faili. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mlinzi yeyote anayejua. Akaambiwa hakuna. Akafuta vidole kwa karatasi.

"Basi hakuna tatizo. Risasi za zamani zote zitupwe, risasi mpya zinakuja kesho. Vibao vichomwe. Kila mwezi risasi ya juu ibadilishwe, andikeni utaratibu, niweke sahihi."

"Na ripoti?" Mama Stoo aliuliza.

"Ripoti ipi?"

"Inayosema mdogo wangu alikuwa mzembe."

Meneja alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliuma. "Mama, nikiifungua, nitaandika nini badala yake? Niandike jina la nani? Nakusitiri. Niambie bastola ipi, nimpigie wakala."

"Ya chuma. Ya zamani."

"Kwa hiyo haina tatizo?"

"Hakuna hata moja iliyokuwa na tatizo," Mama Stoo alisema.

Mkufunzi alimsindikiza mpaka getini. Giza lilikuwa halijaingia, walinzi wa mchana walikuwa wanatoka makundi makundi, na mmoja waliyemwita Kitambi akapaza sauti, "Mama Stoo leo kafunga duka mapema, kapata mchumba." Wengine wakacheka. Alizoea kuwajibu. Leo alipunga mkono tu.

"Usimwambie wifi yako," Mkufunzi alisema.

"Kwa nini?"

"Utampunguzia nini? Mumewe atafufuka? Kuna ukweli mwingine ni mzigo tu, unamtwisha mwenzio ili wewe utembee mwepesi. Ubebe wewe. Una mgongo."

Alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayabeba Jumamosi nzima akipokea risasi mpya, akihesabu maboksi, akivichoma vibao nyuma ya choo ndani ya pipa. Mbao zilikuwa zimekunywa mafuta, zikashika moto haraka. Mkufunzi alikuwa na akili, alijua. Mtu mzima hasemi kila analolijua. Lakini Jumatatu wifi yake angekuja kidirishani, angenyoosha mkono, angepokea kutoka mikono hii akiamini hii ndiyo mikono pekee duniani isiyoweza kumdhuru. Angeamini hivyo kila asubuhi. Na jioni angemwambia ahsante.

Jumapili mchana alikwenda.

Wifi yake alikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Alimkuta amekaa kwenye cherehani, suruali ya sare mapajani, akiikunja pindo. Kampuni ilikuwa na saizi za wanaume tu.

"Karibu, wifi. Kaa hapo kitandani, kiti kimevunjika mguu."

Mama Stoo akakaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakamtoroka. Kwa hiyo alianza na vibao, kama anayemfundisha mfanyakazi mpya. Akaeleza tundu jekundu. Akaeleza kitambaa. Akaeleza uwanja wa shabaha, bastola tatu, baruti iliyotoka kidonge. Wifi yake aliendelea kushona, mguu ukikanyaga taratibu, mpaka aliposikia neno "mara mbili". Hapo cherehani ikasimama.

Wifi yake akainua uso.

"Wewe ulisema bastola ilikuwa nzee."

"Nilisema."

"Kumbe ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, wifi."

"Mama yenu alinambia mwanawe toka utoto ni mvivu. Siku ya arobaini, mbele ya watu. Nikanyamaza, maana niliona hata ripoti imesema." Aliigeuza suruali, akatafuta pale alipoishia. "Nilimkasirikia. Miezi minne namkasirikia maiti. Nasema, wewe mwanaume, kuifuta tu ilikushinda, ukatuacha hivi."

Mama Stoo alitaka kupiga magoti, akaona atakuwa anajitafutia nafuu.

"Ikigoma, mtu anafanya nini?" wifi yake aliuliza.

"Anakoki tena. Mbovu inaruka, nzima inaingia."

"Inachukua muda gani?"

"Mkono uliozoea, sekunde moja. Haifiki."

"Yeye alijua?"

"Alijua. Niliwahi kumwonyesha."

"Ulimwonyesha mara ngapi?"

Mama Stoo akatazama sakafu ya saruji, palipokuwa na vipande vya uzi wa kijani.

"Mara moja," alisema.

Wifi yake akakata uzi kwa meno, akaikunjua suruali, akaipima kiunoni kwa macho. Hakulia. Hakumfukuza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga siku ya kufua, "Zamu inaanza saa kumi na mbili. Nitafika saa kumi. Uwe umeshafungua."

Jumatatu Mama Stoo alifungua saa tisa na nusu ya usiku. Taa ya uani ilikuwa inawaka juu ya pipa la mchanga, lile ambalo walinzi huelekezea mtutu wanapokoki. Wifi yake aliingia getini na sare iliyomkaa vizuri, nywele amezifunga kwa kitambaa cheusi. Hakusalimu. Mama Stoo alimpa ile bastola ya chuma, mpya, tupu, na magazini yenye risasi bandia za mbao. Akasimama nyuma ya bega lake la kulia, kama Sajini alivyokuwa akisimama.

"Elekeza kwenye mchanga. Fyatua."

*Ta*.

"Usiitazame. Gonga magazini chini kwa kiganja. Vuta. Fyatua."

Alivuta vibaya, chuma kikarudi nusu njia na kubana. Mama Stoo akanyoosha mkono kumsaidia, na yule mwanamke akaurudisha mkono huo kwa kiwiko, bila ukali, kama mtu anayesukuma tawi lililomzuia njiani.

"Sema tu," alisema. "Usiguse."

"Gonga. Vuta mpaka mwisho, uachie. Fyatua."

*Ta*.

"Tena."

*Ta*.

Ilipofika mara ya ishirini, ukingo wa chuma ulikuwa umemchuna ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilipofika ya thelathini, damu ilikuwa imeingia kwenye mbao za mpini. Macho yake hayakuondoka kwenye mchanga. Mama Stoo alisikia sauti yake mwenyewe ikisema gonga, vuta, fyatua, na ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu kitu asichotaka kifike mwisho.

"Mkono umepata sasa," alisema. "Pumzika, wifi. Nikufunge kitambaa."

"Mkono bado unafikiri," yule mwanamke alijibu. "Nataka usifikiri. Sema."

Nyuma yao walinzi wa kwanza walianza kuingia, wakapunguza mwendo, wakanyamaza, wakajipanga kwenye kidirisha ambacho hakikuwa na mtu.

"Gonga," alisema Mama Stoo. "Vuta. Fyatua."